Eda Chini ya Meza ya Kukatia Nguo

Leo ni siku ya kumi na saba tangu tumzike mume wangu, na wajukuu wameshaanza kunichokonoa. Koko, yaani bibi, wananiambia, una miaka themanini na kitu, nani atakuja kukuposa? Toka basi, ukae barazani upate hewa. Mimi nawacheka tu. Wananiletea chai, wanafungua dirisha, wanalifunga mvua ikianza, wananipa simu niongee na watu wa Bunia na Kindu ambao hata sura zao nimezisahau, halafu wanarudi sebuleni na kunong'ona kwamba mzee ameshupaa. Ni kweli nimeshupaa. Lakini wao wanadhani eda nimeisoma kitabuni. Eda niliijua nikiwa na miaka kumi na minne, kabla sijajua kupika maharagwe yakaiva, na niliijua kwa kukaa ndani yake pamoja na mama yangu, mwaka ambao aliyefiwa na mume ni yeye na aliyefanya kosa ni mimi. Sijawahi kumsimulia mtu habari hii. Mume wangu mwenyewe amekufa bila kuisikia.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, mji ukiwa bado na jina la Mzungu kwenye makaratasi, ingawa sisi tuliokaa ndani yake tuliuita Kisangani tu. Baba alikufa kwa homa mwezi wa pili. Alikuwa fundi wa nguo, na chumba cha mbele cha nyumba yetu kilikuwa karakana yake: cherehani moja, pasi ya makaa, na meza ya kukatia nguo, pana na nzito, ya mbao ya lifaki, ambayo watu wanne walikuwa wakiibeba kwa kuguna. Mama aliingia eda, miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, bila manukato, bila kuonekana na wanaume wa nje. Mimi nikawa mwenzake wa ndani. Kila asubuhi aliweka alama ukutani kwa chaki ya baba, ile bapa ya kuchorea vitambaa, na kila asubuhi mimi nilizihesabu upya nikidhani labda zimeongezeka zenyewe. Lakini hatukuwa na shida. Nyuma kulikuwa na ua uliozungushiwa matete marefu, na ndani ya ua bustani yake: migomba, mihogo, mboga za lengalenga na ngaingai, vitunguu kwenye karai bovu. Kwa kuwa matete yalimkinga na macho ya watu, alitoka humo asubuhi na jioni, akapalilia, akazungumza na migomba yake. Hadi leo naamini ni bustani ile iliyomzuia asirukwe na akili.

Dhoruba ilikuja siku mbili baada ya arobaini, wageni wakiwa wameshaondoka na masufuria ya watu yamesharudishwa. Saa tisa mchana mbingu ilikuwa nyeusi upande wa maporomoko ya mto. Upepo ulianza kwa kuvua nguo kambani, kisha ukavua mabati. Mama alinivuta chini ya meza ya baba, akanilalia juu, na tukiwa pale tukasikia mti wa msafu wa jirani ukikatika na kuangukia vyumba viwili vya nyuma. Nilimsikia akisoma kila aya aliyoijua, na alipozimaliza akaanza tena na ile ya kwanza. Upepo ulipotulia, karakana ilikuwa imesimama na nusu ya paa lake. Vile vyumba vingine vilikuwa matawi, udongo na kitanda chetu kimekunjika. Uani hakukuwa na tete hata moja lililosimama. Watu walikuwa wanapita barabarani wakitafuta mabati yao, wanaume kwa wanawake, na wote walituona kama tuko sokoni. Mama alijifunika kichwa kwa kanga, akatazama migomba yake iliyolala chini, akarudi chini ya meza. Mvua ilikuwa imekwisha. Alirudi kwa sababu ua wake ulikuwa umegeuka njia ya watu.

Wa kwanza kutujia alikuwa Mama Anjelina, mke wa mvuvi wa Kigenya aliyehamia mtaani kwetu kutoka kule kwenye maporomoko. Alikuwa Mkristo wa kwenda misa ya alfajiri, na alimpenda mama kwa namna ya kumgombeza. Yeye ndiye aliyetundika blanketi kwenye upande wa karakana uliobomoka, na yeye ndiye aliyekusanya ndizi zote zilizoanguka. Ndizi hizo zilikuwa changa, na migomba yote ilikuwa imeanguka siku moja, kwa hiyo tulikula lituma, ndizi za kutwanga, asubuhi, lituma mchana, lituma na samaki, lituma na chumvi, mpaka nikawa nikisikia mchi unatwanga nakimbilia uani. Mpaka leo wajukuu wakiniletea lituma nasema sina njaa. Mama alikula bila kulalamika. Alisema tu kwamba Mungu ametupa chakula cha miezi mitatu kwa siku moja, shida ni kwamba hakutupa meno ya miezi mitatu.

Siku ya tatu akavuka baba mdogo Ramazani kutoka Lubunga, ng'ambo ya mto, alikokuwa na nyumba nzuri na biashara ya samaki wakavu. Alikuja na Bwana Asumani, mfanyabiashara wa Yanonge aliyekuwa akimletea samaki hao, mtu mzima mwenye mke na watoto, mmoja wao mkubwa kuliko mimi. Baba mdogo alisimama nje ya blanketi, kwa heshima, akamwambia mama kwamba nyumba hii imekufa, kwamba kule Lubunga kuna vyumba viwili tayari na mafundi wawili, lakini mafundi hao hatawavusha mto kuja kushona maiti. Ahame, akamalizie eda kwake. Mama alijibu kwamba hatoki nyumba aliyofia mume wake mpaka Mwalimu wa Kurani aseme. Baba mdogo akakubali, angeweza kusema nini. Nilikuwa nyuma ya rundo la matawi nikipuliza moto, na wanaume wale walipopita kuelekea njiani hawakuniona. Baba mdogo alikuwa anacheka kidogo.

"Wakifika tu kwangu, maneno ya ule mutoto tunaimaliza," alimwambia mwenzake. "Hapa siwezi, iko nyumba ya kilio. Lakini mu nyumba yangu njo miye baba yake. Na mama iko mu eda, atasema nini?"

Bwana Asumani aliuliza kama najua kuanika samaki. Baba mdogo akasema nitajifunza. Nilipuliza moto mpaka majivu yakaniingia machoni, na nilifurahi kuwa na sababu ya kutoa machozi.

Siku hiyohiyo mama alinituma kwa Mwalimu Selemani, aliyetufundisha Kurani watoto wa mtaa mzima na aliyependa kuzungumza Kiswahili cha kitabu. Nilipita njia ndefu. Upande wa Wazungu makundi ya wafanyakazi yalikuwa yameshaikata miti iliyoangukia barabara na kuipakia kwenye malori. Upande wetu kila mtu alikuwa na panga lake na msumari wake uliopinda. Nilimkuta Mwalimu akianua vitabu vyake vilivyoloa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kitabu chini.

"Mwambie mama yako," alisema, "eda imewekwa kumlinda mwanamke, haikuwekwa kumuua. Nyumba ikibomoka, mtu huhamia penye usalama, akamalizia siku zake huko. Aende bila wasiwasi."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nayarudia maneno hayo, nikiyapanga vizuri, kama nilivyofundishwa kubeba ujumbe wa mkubwa. Naapa sikuwa nimeamua. Nilipofika mama alikuwa ameketi chini ya meza, ameegemea mguu wake mmoja, anachambua mchele kwenye ungo ingawa mchele wenyewe ulikuwa kiganja kimoja. Akauliza Mwalimu amesemaje. Nikaona Yanonge, vichanja vya samaki, na mke mkubwa wa Bwana Asumani akinionyesha pa kulala.

"Anasema ubakie," nikamwambia.

Mama alinitazama kidogo. Kisha akaendelea na mchele wake, na alipoumaliza akasema nimletee panga, tuone tutafanya nini na matawi ya msafu. Njia ya mwongo ni fupi, watu husema, lakini mimi ile yangu niliitembea karibu siku mia.

Nimeishi katika vyumba vingi, pamoja na kimoja cha hospitali ambacho madirisha yake yalikuwa na nondo, lakini sijawahi kubanwa kama nilivyobanwa katika karakana ile. Mvua ikinyesha, na mwezi wa nne ilinyesha karibu kila siku, tuliingia chini ya meza na cherehani, pasi, mkeka, kuku mmoja na gunia la muhogo. Juu ya meza tuliweka mabati mawili niliyoyapata mtaa wa tatu, moja limejikunja kwenye nguzo kama gome. Tulikaa magoti yetu yakigusana. Mama alikuwa ananifundisha kushona kwa mkono, na kila nilipokosea alinifumulia bila kusema neno, na kila aliponyamaza nilidhani amejua. Nilimpenda na nilikuwa siwezi kumtazama. Nilikuwa nimemfungia mama yangu mlango na mimi mwenyewe nimo ndani, na ufunguo niko nao mdomoni. Kila jioni nilijiambia kesho nitasema. Kesho ilipofika, uongo ulikuwa na siku moja zaidi, na kuusema kulikuwa na aibu ya siku moja zaidi. Mvua ilipofuta alama za chaki ukutani, mama alijaribu kuhesabu upya, akawa hana hakika ya siku tatu, na kwa kumwogopa Mungu akaziongeza mbele. Nilimtazama akiziongeza. Siku tatu hizo ziliniuma kuliko zile nyingine zote.

Bustani aliilima kupitia kwangu. Kulikuwa na tundu kwenye ukuta wa nyuma, kama sahani ya chai, na kutokea hapo aliona nusu ya shamba lake. Alibisha kwa rula ya baba, mara moja nisogee kulia, mara mbili kushoto, mara nyingi mfululizo maana yake nimekanyaga kitu. Nilikata mashina ya migomba, nikaacha vichipukizi, nikainua mihogo iliyolala na kuipandia udongo, nikamwaga mbegu za lengalenga alizokuwa amezifunga kwenye pindo la nguo. Alichokuwa hakioni nilimweleza, na alikuwa haamini. Wanaume waliopita walinitania kwamba naongozwa na ukuta. Alipoona majani ya kwanza alibisha mara moja, polepole, ingawa sikuwa nimekosea popote. Nikakaa palepale kwenye udongo nikalia.

Misumari hatukuwa nayo, na baba mdogo, aliyevuka tena mara mbili kuona kama tumechoka, alikuja mikono mitupu. Mama Anjelina alimsikia akiondoka akitaja jina la Bwana Asumani, akatema mate pembeni, akaingia kumnong'oneza mama, na kesho yake akaja na mafungu ya kamba za msituni, zile nyuzi za mimea ambazo watu wake hufungia miti mikubwa ndani ya maji yanayochemka kule maporomoko, ili wapate pa kutundika mitego yao. Aliziloweka kwenye beseni letu siku nzima.

"Mwana na ngai, mwanangu, kamba inafungwa ikiwa na maji," aliniambia. "Ukifunga kavu, iko inakudanganya. Ukifunga ya maji, ikikauka inakaza yenyewe. Mito yote ya dunia haiwezi kuifungua."

Alinifundisha kuzungusha, kupitisha, kuvuta kwa mguu. Vidole vyangu vilichubuka mpaka nikawa nashika kijiko kwa viganja. Nilifunga miti ya paa la karakana, nikafunga mabati sita yaliyopatikana, kisha nikaanza ua, tete kwa tete, kuanzia upande wa barabara. Nilifanya kazi ile kwa hasira. Nilidhani nikiurudisha ua, mama atatoka nje tena hata kidogo, na kosa langu litapungua.

Lakini kabla ua haujafika nusu, mama akaanza kukohoa. Mwanzo ilikuwa asubuhi tu, kisha ikawa kutwa, kikohozi cha chini kinachomkunja. Mama Anjelina alitaka ampeleke zahanati, akasema atamfunika gubigubi, hakuna mwanaume atakayeona hata kisigino. Mama akasema Mwalimu amemwambia abakie.

"Bon, mama, Mwalimu wako anataka ufe?" Mama Anjelina aliuliza. "Mwende mukamuulize tena."

Mama alinigeukia. Nilisimama na beseni mkononi, na mdomo wangu ulifunguka, nakumbuka ulifunguka, na kilichotoka ni kwamba nitakwenda kumuuliza sasa hivi. Nilikimbia. Nilikuwa nimeamua kumweleza Mwalimu kila kitu, anichape, aje aseme mwenyewe. Nyumba yake ilikuwa na kufuli. Majirani walisema ameshaondoka zamani, wiki ileile ya dhoruba, amekwenda Kindu kwa dada yake mgonjwa, na hawajui atarudi lini. Nikakaa kwenye kizingiti chake. Mtu akiwa na mlango mmoja tu wa kutokea, akaukuta una kufuli, anakuwa mjanja au anakuwa mpumbavu. Mimi nilirudi nikamwambia mama kwamba Mwalimu amesafiri, lakini zamani aliwahi kufundisha kwamba mgonjwa anaweza kwenda kutibiwa. Hilo lilikuwa kweli. Mama akafunikwa, akaenda, akapewa dawa ya chupa, akarudi chini ya meza. Kikohozi kilipungua, lakini hakikuondoka.

Eda iliisha mwezi wa saba mwanzoni, pamoja na siku zile tatu. Mama alioga, akavaa kitenge cha bluu ambacho baba alikuwa amemshonea, kikawa kikubwa kwake. Ua wangu ulikuwa umekamilika tangu wiki iliyotangulia, umepinda kidogo, umesimama. Mkeka ulitandikwa humo ndani, chai ikachemka, na watu wakaja kwa dua. Mama Anjelina alileta samaki. Baba mdogo alivuka na kanzu safi. Na nyuma yake, akiwa na vumbi la safari bado kwenye viatu, akaingia Mwalimu Selemani. Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe. Nililiweka chini, nikasogea nyuma ya Mama Anjelina.

Baada ya dua Mwalimu aliangalia lile paa lililofungwa kwa kamba, akaangalia vyumba vilivyobaki vifusi, na uso wake ukaonyesha mshangao wa kweli.

"Bibi," alimwambia mama, "umekaa humu siku zote hizi? Nilimwambia binti yako kwamba unaruhusiwa kuhama."

Baba mdogo alinigeukia polepole. Mama Anjelina aliacha kutafuna. Mimi niliangalia mkono wa mama, kwa sababu macho sikuweza, na mkono ule ulikuwa unasawazisha pindo la kitenge.

"Aliniambia, Mwalimu," mama alisema. "Alifika tu, akaniambia yote. Ni miye nilikataa."

Alikohoa, akanywa chai kidogo. Kisha akamwambia baba mdogo, bila kupandisha sauti, kwamba anajua kuna maneno ya mtoto yanayomsubiri Lubunga, na kwamba ni vizuri yasemwe hapa, mbele ya watu.

"Hii paa, njo huyu mutoto aliifunga na mikono yake. Na lupango hii," akaonyesha ua. "Shemeji, mutu hamutoe mu nyumba mwenye aliijenga."

Baba mdogo alianza kueleza habari za Bwana Asumani, uaminifu wake, mtumbwi wake mpya wa mashine. Mwalimu alimsikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama binti mwenyewe ameulizwa, na baba mdogo alipoinamia kikombe chake, akasema yeye ndoa ya namna hiyo hafungishi. Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya mchele wa Yahuma. Baba mdogo hakumaliza chai yake.

Walipoondoka wote, jua lilikuwa bado juu ya matete. Mama alitembea kwenye bustani, polepole, peku, akigusa jani moja moja, akifika hata kule ambako tundu lake lilikuwa halimwonyeshi. Nilimfuata nyuma na ufagio, sifagii chochote. Nilijua sasa ndiyo wakati wa kusema, nikaanza, Mama, ile siku. Akainama kung'oa jani bovu la ngaingai, na aliponyooka hakunigeukia.

"Siku ingine uniambie tu kama unaogopa," alisema. "Ningebakia. Haikukuwa lazima umutie Mungu ndani."